Marian Anderson na Carnegie Hall: jioni ya sauti bila maikrofoni hapa Lamu, tuiweke wapi?

Mwalimu wa Langoni

Assalaam alaikum jamani.

Tunaandaa jioni moja ya kumsimulia na kumwimba Marian Anderson, yule kontralto (mwimbaji wa sauti ya chini kabisa ya kike) Mmarekani Mweusi, kwa kufuata uhusiano wake wa miaka mingi na Carnegie Hall ya New York. Waimbaji ni wasichana wanne wa sauti ya chini, umri wao kati ya 17 na 20, pamoja na mpiga kinanda mmoja na msimulizi mmoja. Waimbaji hatutaki wawekewe maikrofoni. Shabaha yote ni watu wasikie sauti ya binadamu inavyojaza mahali kwa nguvu zake yenyewe.

Mahali ni pawili, na kamati imegawanyika. Pa kwanza ni ua wa Ngome, hapo watu 120 wanakaa. Pa pili ni chumba kirefu cha nyumba ya mawe kule Mkomani: upana mita 2.8, urefu mita 9, kimo mita 4 hadi kwenye boriti. Kuta ni plasta ya chokaa, ukuta wa mwisho una zidaka (vishubaka vya ukutani), na kuna milango miwili ya kutokea kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, kila mmoja mita 1.2 kwa 2. Wengine wanasema chumbani watu 40 wataingia.

Ninaomba msaada kwa mambo matatu. Rasimu ya bango inasema: «Alizaliwa 1902. Mwaka 1939 Carnegie Hall ilimkataa kwa rangi yake, akaimba mbele ya sanamu ya Lincoln.» Je, ni sahihi? Pili, ua au chumba, na kwa hesabu gani? Tatu, wasichana hawa waimbe nini na kwa ufunguo gani bila kuumiza koo? Tafadhali nipeni vipimo, si maoni tu.

Bint Mkomani

Waalaikumu salaam mwalimu. Bango hilo lisipelekwe kwa mchapaji. Lina makosa mawili, na moja linageuza habari yenyewe juu chini.

Ukumbi uliomkataa mwaka 1939 ni Constitution Hall ya Washington, mali ya chama cha wanawake kiitwacho Daughters of the American Revolution. Carnegie Hall iko New York, na ndiyo iliyokuwa ikimpokea. Ukiliandika hivyo unakuwa umeutupia lawama ukumbi uliokuwa nyumbani kwake. Kosa hili ni la kawaida, kwa sababu watu huikumbuka Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, ngazi za Lincoln Memorial na umati wa watu 75,000, halafu jina la ukumbi uliofunga mlango hulijaza kwa ukumbi wanaoujua.

Kosa la pili ni mwaka wa kuzaliwa. Alizaliwa Philadelphia tarehe 27 Februari 1897. Ule 1902 ulichapishwa kwenye vitabu na magazeti kwa miaka mingi, hata mwaka 1977 palipofanywa sherehe ya kumpongeza hapo hapo Carnegie Hall ilitangazwa kuwa ametimiza miaka 75, kumbe alikuwa na 80. Andikeni 1897.

Sasa uzi wenyewe wa Carnegie, ambao naona ndio msimulizi aushike toka mwanzo mpaka mwisho.

Jengo lilifunguliwa Mei 1891, na mtunzi Mrusi Tchaikovsky ndiye aliyealikwa kuongoza okestra wiki hiyo. Wakati huo liliitwa Music Hall tu. Mwaka uliofuata, 1892, soprano Sissieretta Jones aliimba humo, katika ukumbi mdogo wa chini, na huyo ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba ndani ya jengo hilo. Mtajeni. Anderson hakuingia nyumba isiyokuwa na nyayo za mtu wake.

Anderson mwenyewe alilelewa kimuziki na kanisa lake, Union Baptist, na waumini ndio waliochanga pesa za masomo baada ya chuo kimoja cha muziki cha mji wake kumfungia mlango kwa sababu ya rangi. Mwaka 1925 alishinda shindano na kuimba na New York Philharmonic, lakini hiyo ilikuwa Lewisohn Stadium, uwanja wa wazi. Resitali yake, yaani onyesho la mwimbaji peke yake na mpiga piano, ndani ya Carnegie ilikuja 1928. Msimulizi asiruke kutoka hapo hadi umaarufu, maana katikati pana pengo, nalo ndilo lenye maana. Amerika haikumpa kazi ya kutosha, akaenda Ulaya kusoma na kuimba, hasa nchi za Skandinavia, akiwa na mpiga piano Mfini Kosti Vehanen. Kiongozi wa okestra Mwitalia, Toscanini, alimsikia Salzburg mwaka 1935 akasema sauti kama ile husikika mara moja katika miaka mia.

Hapa pana mtego mwingine. Aliporudi, resitali ya kurejea New York ya tarehe 30 Desemba 1935 ilikuwa Town Hall, si Carnegie. Aliimba mguu ukiwa umefungwa plasta, kwa kuwa ulivunjika melini njiani, akasimama kwenye mkunjo wa piano na gauni refu likafunika. Carnegie ilifuata mwanzoni mwa 1936, na toka hapo akawa mgeni wa kurudi. Alirudi tena na tena, kuanzia karibu 1940 akiwa na mpiga piano Franz Rupp.

Na mwisho wake ulipangwa kwa makusudi. Safari ya kuaga ilianzia Constitution Hall, ule ule uliomkataa, tarehe 24 Oktoba 1964, ikaishia Carnegie Hall tarehe 18 Aprili 1965, nayo ilikuwa Jumapili ya Pasaka vile vile. Kutoka 1928 hadi 1965 ni miaka 37. Msiandike pia kwamba Constitution Hall hakuimba kabisa mpaka siku ya kuaga, kwani alikwisha kuimba humo mwaka 1943. Na ile Januari 1955, alipokuwa Mweusi wa kwanza kuimba nafasi ya mhusika kwenye Metropolitan Opera, ni jumba la opera, jengo jingine kabisa. Isichanganywe kwenye uzi huu.

Fundi Matumbawe

Bi. Mkomani amemaliza historia, nami nishike majengo. Jibu langu: chumba. Nitatoa hesabu.

Kwanza Carnegie yenyewe. Mchoraji wake, William Tuthill, alikuwa pia mpiga selo wa kujifurahisha, na alifanya kazi kabla ya sayansi ya sauti za majengo kuwa na hesabu. Ukumbi mkubwa una viti karibu 2,800, na mpaka ghorofa ya juu kabisa mtu hupanda ngazi 137. Kuta ni nene, za matofali na plasta, na umbo ndani ni laini bila mapazia mazito. Ukijaa watu, sauti huchukua karibu sekunde 1.8 kufifia. Kwa kontralto hiyo ni neema, maana noti ya chini hupata muda wa kukomaa kabla ya nyingine kuifunika.

Na tazama ilivyo rahisi kuharibika. Baada ya ukarabati wa 1986 wanamuziki na wakosoaji walilalamika kwamba ukumbi si ule tena. Mwaka 1995 sakafu ya jukwaa ilipofunuliwa ikakutwa zege chini ya mbao. Ikaondolewa, mbao zikalazwa upya juu ya nafasi ya hewa. Hata ukumbi wa Tuthill ulidhurika kwa kitu ambacho hakuna mtazamaji aliyekiona. Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kubeba chochote kuingiza chumbani, jiulize kitaifanya nini sauti.

Hesabu ni ya Wallace Sabine wa Harvard, aliyeianza 1895 kwa kubeba matakia ya viti usiku, filimbi ya kinanda cha kanisa na saa ya kupimia, na baadaye akaitumia kwenye Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Kizio chake kinatufaa sana sisi watu wa pwani: mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi. Dirisha wazi halirudishi sauti, limeimeza yote. Kila kitu kingine hupimwa dhidi yake. Muda wa mvumo, yaani muda sauti inaochukua kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawa kwa jumla ya vizio vya kumeza.

Chumba chenu: 2.8 × 9 × 4 ni mita za ujazo 100.8. Eneo la kuta, sakafu na dari ni mita za mraba 144.8. Chokaa iliyosuguliwa humeza kama asilimia 3, basi vizio 4.3.

Chumba kitupu, milango imefungwa: 0.161 × 100.8 ÷ 4.3, karibu sekunde 3.7. Hapo maneno hayasikiki, yanakuwa uji.

Watu 30 wameketi, kila mmoja kama 0.4: ongeza 12, jumla 16.3. Mvumo unashuka hadi sekunde 1.0.

Milango yote miwili wazi: ongeza 4.8, jumla 21.1. Mvumo 0.77.

Kwa sauti ya mtu na kinanda katika chumba cha ukubwa huo, 0.8 hadi 1.0 ni nzuri kabisa. Si Carnegie, lakini ukaribu wa msikilizaji hufidia. Masikio ya Lamu yamezoea utendi ukisomwa kwa sauti moja kwenye vyumba vya aina hii hii, hivyo hamtawafundisha watu kusikiliza.

Watu 40 hawataingia. Sakafu ni mita za mraba 25. Toa mita 2 za urefu za mwimbaji na kinanda, zinabaki kama 19.6. Mtu aliyeketi kwenye mkeka kwa raha anahitaji 0.65. Hiyo ni 30. Ukisukuma 40, wa mbele watakuwa miguuni pa mwimbaji na joto litashusha sauti yake kabla ya wimbo wa tatu.

Yanayoharibika kwenye chumba chembamba ni mawili.

La kwanza, mrindimo wa kuta mbili zinazotazamana. Simama katikati upige kofi moja kavu. Ukisikia kama «trrrr» badala ya kofi moja, sauti inaruka ukuta kwa ukuta, mita 5.6 kwenda na kurudi, mara 60 na kitu kwa sekunde. Tiba ni kuvunja upande mmoja tu wa ukuta mrefu: mita 4 za mraba za busati au blanketi zito, kuanzia kimo cha mita 0.7 hadi 1.7, pale masikio ya walioketi na kinywa cha aliyesimama vilipo. Litundikwe likiwa limeachana na ukuta kama sentimita 10. Leso moja iliyobandikwa ukutani ni pambo tu, haimezi kitu cha maana. Zidaka za ukuta wa mwisho msizifunike, zinatawanya sauti vizuri kuliko kitu chochote mtakachonunua. Mwimbaji azipe mgongo.

La pili, upana wa mita 2.8 una noti zake. Kwa hewa ya joto la kwetu, chumba chenyewe huitika kwenye mitetemo 62 kwa sekunde, 125 na 187. Ile 187 ni karibu F kali ya chini, na iko ndani ya sauti ya kontralto. Mwimbaji akisimama karibu na ukuta, au theluthi ya upana kutoka ukutani, noti hiyo itaruka juu ya nyingine kama ngoma, hali D ya chini yenye mitetemo 147 itasinyaa kwa kuwa iko baina ya viwili. Asimame katikati kabisa ya upana, mita 1.4 kutoka kila ukuta. Pale, mwitiko wa 62 na wa 187 hauna pa kushika. Wekeni alama ya chaki sakafuni. Sentimita 30 kando mtaisikia tofauti.

Jukwaa la mbao msilete. Kisanduku kitupu juu ya sakafu ya chokaa kitavuma kila mguu ukisogea. Chini ya kinanda tandikeni mkeka mnene, kishindo cha pedali kisishuke sakafuni.

Mwalimu wa Langoni

Ahsante sana. Bango limesimamishwa. Kamati inauliza: kama tukilazimika kwenda uani, kwa sababu ya idadi, kuna namna ya kufanya bila maikrofoni? Na wanadai kuwa Anderson mwenyewe aliimba nje mwaka 1939, basi nje ndiyo asili yake.

Mtu wa Maweni, Malindi

Mwalimu, waelezeni kamati hivi. Siku ile ya 1939 mbele yake palikuwa na safu ya maikrofoni, zipo kwenye picha zote, na redio ilirusha kwa nchi nzima. Bila umeme, watu elfu sabini na tano wasingesikia kitu. Kwa hiyo anayetaka kuiga siku ya Lincoln Memorial, aweke spika. Anayetaka kuiga Carnegie, atafute kuta. Kuchanganya, yaani nje na bila chombo, ni kumwonea mwimbaji.

Lakini inawezekana kwa 120 mkibana umbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Chukua msichana aliyefundishwa vizuri anayetoa kama 80 akiwa mita 1. Mita 2 ni 74, mita 4 ni 68, mita 8 ni 62, mita 16 ni 56. Kelele za Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome, jioni, watu, mashine za boti kwa mbali na punda, zikifika 50, basi mtu wa mita 8 bado ana desibeli 12 za ziada na atasikia maneno. Wa mita 16 atasikia kwamba kuna mtu anaimba.

Basi mstari wa nyuma usipite mita 8. Nusu duara ya mita 8 ina eneo la mita za mraba 100. Toa mita 2 za mbele, zinabaki 94. Kwa 0.7 kila mtu, pamoja na vijia, 120 wanaenea. Wakipangwa kwa safu ndefu zilizonyooka kama darasani, wa nyuma watakuwa mita 14, na hapo ndipo shughuli nyingi za uani huharibikia: idadi ni ile ile, umbo ndilo baya.

Mwimbaji awe mita 1 hadi 1.5 mbele ya ukuta wa Ngome, akiupa mgongo. Ukuta unarudisha sauti mapema mno hata sikio halitenganishi, linaona tu imeongezeka nguvu. Akisogea mita 8 mbele ya ukuta, marudio yanachelewa sehemu 46 za elfu za sekunde, na maneno yanaanza kupata kivuli. Watu hupenda kumweka mwimbaji katikati ya ua ili azungukwe. Msifanye hivyo. Nusu ya watu watakuwa nyuma ya kichwa chake, na sauti ya juu haigeuki kona.

Kwetu Malindi tatizo ni jingine, banda la makuti lililo wazi pande zote. Makuti humeza, pande wazi humeza, na sauti hufa mita 6 au 7. Dawa ni plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4, unene milimita 12, zikisimamishwa: moja nyuma ya mwimbaji, mbili kando zikifunguka kama mikono inayokaribisha, kiasi cha digrii 30 nje. Kila moja ina kilo kama 20, hivyo msimu wa kusi lazima ziegemezwe kwa miti na mifuko ya mchanga, kilo 25 kila mguu. Ikianguka katikati ya wimbo itamwangukia mpiga kinanda.

Msimulizi apewe maikrofoni, hilo halina aibu. Kusema ni dhaifu kuliko kuimba.

Bint Mkomani

Nyongeza moja kuhusu kukaa, kwa kuwa bwana wa Malindi ametaja umbo.

Anderson alikuwa na msimamo kuhusu viti. Katika miji ya kusini mwa Marekani, Weusi waliwekwa nyuma au juu. Yeye alidai kwanza kwamba mgawanyo, kama lazima uwepo, uende kwa wima: Weusi wapate viti katika kila sehemu ya ukumbi, toka mstari wa mbele mpaka wa mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akakataa kabisa kuimba mbele ya watu waliotengwa.

Kwa shughuli yetu, kama wanawake na wanaume watakaa mbalimbali, mstari wa kugawa uende kutoka kwa mwimbaji kuelekea nyuma, kulia na kushoto, usipite kwa upana. Ukiwaweka wanawake mita 5 hadi 8 na wanaume mita 2 hadi 5, umewapunguzia dada zetu desibeli 4 mpaka 8 kwa amri, na waimbaji ni binti zao. Chumbani pia: upande wa busati na upande wa ukuta mtupu, kila upande umfikie mwimbaji.

Alto wa Barani, Malindi

Nije kwa sauti zenyewe, maana hapa ndipo mtu huumia.

Jambo la kuwaambia wasichana siku ya kwanza: wasiigize rangi ya sauti ya Anderson. Wakisikiliza rekodi zake watashawishika kushusha koo na kusukuma kutoka kifuani ili sauti iwe nzito. Msichana wa miaka 18 akifanya hivyo kwa wiki mbili, noti za kati zinaanza kukwaruza, na hewa inasikika kabla ya sauti. Uzito ule ulikuwa maumbile na miaka ya kazi na mwalimu wake, Giuseppe Boghetti. Dalili ya hatari ni rahisi: akimaliza mazoezi, aimbe polepole na kwa sauti ndogo noti tano za katikati. Zikikatika, amesukuma. Apumzike siku moja nzima, bila kunong'ona pia.

Kuchagua ufunguo: tafuta noti ya chini kabisa anayoweza kuishika sekunde 6 kwa ulaini, asubuhi na jioni. Panda nusu toni tatu. Hiyo ndiyo noti ya chini ya wimbo wake, na wimbo wote uhamishwe kufuata hapo. Usifuate noti ya juu, alto hudanganywa na juu. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, lakini mpiga kinanda aandike kwa kalamu juu ya kila karatasi, «chini nusu toni 2» na kadhalika. Ajali ya kawaida ni kitufe kubaki kwenye wimbo uliopita, mwimbaji akaanza sehemu isiyo yake na akaona aibu kusimama.

Mpangilio fuateni wake: mwanzo kitu cha kale cha Händel au cha Kiitalia, kisha Schubert, halafu nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi mwisho. Hata ngazini pa Lincoln Memorial ulikuwa hivyo kwa ufupi, Donizetti na «Ave Maria» ya Schubert kabla, nyimbo za kiroho baada, na ya kufunga orodha ilikuwa imepangwa na Florence Price, mwanamke Mweusi ambaye simfonia yake ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933. Kwa waimbaji wanne, nyimbo 8 zinatosha, mbili mbili kwa kila mwimbaji, dakika 3 hadi 4 kila wimbo. Pamoja na masimulizi ni dakika 45 hadi 50. Ile ya Schubert ya Mauti na msichana, ambayo Anderson alikuwa akiimalizia kwenye D ya chini, muiache, au mumpe mmoja tu ambaye D hiyo anayo bila kuitafuta. Na hapo ndipo alama ya chaki ya Fundi itakapolipa.

Matamshi. Ulimi wetu hupenda kufunga kila neno kwa irabu, hivyo «deep» inakuwa «dipu» na silabi moja inazaa mbili, mpiga kinanda anapotea. Fundisha hivi: irabu ishikwe mpaka mwisho kabisa wa noti, konsonanti iangushwe mahali noti inapokufa, midomo ifungwe na ibaki imefungwa mpaka kuhesabu moja. Kwa Kijerumani, ile ü: sema «i» huku midomo iko kwenye «u». Wakiipata hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Maana ya maneno isomwe kwa Kiswahili kabla ya kila wimbo, mistari miwili tu. Msitafsiri ili muimbe. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, na utagongana na muziki kila mstari.

Fundi Matumbawe

Mambo madogo yaliyobaki.

Hakimiliki: kwa sheria ya Kenya kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Harry Burleigh, mpangaji wa nyimbo za kiroho, alikufa 1949, Price 1953, basi mipangilio yao ni huru hapa. Rekodi hulindwa miaka 50, hivyo rekodi zote za Anderson za enzi za Carnegie mnaweza kuzichezesha ukumbini. Kuzipandisha kwenye mtandao ni suala jingine, kwa kuwa Marekani muda wao ni mrefu zaidi.

Piano halisi msihangaike nayo. Chumvi ya bahari hula waya zake, na ikisafirishwa kwa boti itahitaji siku kadhaa kutulia kabla ya kutiwa sauti. Kinanda cha umeme cha funguo 88 zenye uzito kinatosha. Umeme ukikatika: kinanda wati 40, taa mbili wati 20, jumla 60. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ukitumia nusu yake tu, inatoa kama wati-saa 600, na baada ya hasara ya kigeuzi zinabaki 500. Ni muda wa saa 8. Jenereta isikaribie.

Saa: baina ya Magharibi na Isha kuna kama saa moja na dakika kumi, na watu wakitoka msikitini na kuketi, dakika 45 zenu zinakutana na adhana ya Isha katikati ya Schubert. Anzeni baada ya Isha, saa 2 na robo. Barabara nazo zinakuwa zimetulia.

La mwisho ni mazoezi, na hili ndilo linalowapotosha wengi. Chumba kitupu kina sekunde 3.7, chumba cha siku yenyewe kina chini ya 1. Wasichana wakizoea kitupu watajisikia wakubwa, watapunguza maneno na kuburuta noti, kisha siku ya watu 30 wataona sauti imekauka ghafla na wataanza kusukuma, lile lile alilotahadharisha dada wa Barani. Kabla ya mazoezi mawili ya mwisho, azimeni magodoro na mablanketi mazito, jumla mita za mraba 24. Yatandazwe sakafuni pale watu watakapokaa, mengine yaegemezwe ukutani. Hayo ni vizio 12, sawasawa na watu 30. Milango ifunguliwe kama itakavyokuwa usiku huo. Piga kofi, sikiliza, ndipo msichana wa kwanza asimame kwenye chaki.